Sura ya Tano: Mashine Inayosubiri

Mpelekee fundi laptopu iliyokuwa nzito, na kabla hujamaliza kueleza atakutajia dawa yake: ipigwe Windows upya. Unaiacha asubuhi, jioni unaikuta inawaka kama mpya. Baada ya miezi miwili mitatu uzito umerudi. Hapo wengi humlaumu fundi, na wengine huanza kudunduliza fedha za laptopu nyingine. Fundi hakudanganya. Kupiga Windows upya hufagia programu zinazojiwasha zenyewe, na hurudisha faili za mfumo kwenye ukingo wa nje wa diski, ambako sahani hupita kwa kasi kubwa zaidi chini ya kichwa cha kusomea. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila haidumu, kwa sababu kifaa kinachochelewesha kazi hakijaguswa.

Kabla ya kununua chochote, mtuhumiwa atafutwe. Kwenye Windows 10 bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na Task Manager itafunguka ikiwa na safu za asilimia: prosesa, RAM, diski. Fanya hivyo wakati laptopu imeganda, si wakati imetulia. Katika laptopu nyingi za zamani utakuta prosesa iko asilimia 8 au 10 na diski iko 100. Prosesa, ambayo ndiyo watu huishutumu kwa uzee, haina la kufanya. Inasubiri kuletewa faili.

Ili maelezo yasielee hewani, tuishike mashine moja: ThinkPad X230 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2012. Ni laptopu ndogo ya kazi, kioo cha inchi 12.5, na mara nyingi ilikuja na prosesa ya Core i5-3320M yenye kasi ya msingi ya gigahezi 2.6, RAM ya GB 4 na diski ngumu ya GB 320 au 500. Iliundwa kwa ajili ya makampuni, na makampuni hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima. Ndiyo maana laptopu za jamii hii, pamoja na ndugu zake HP EliteBook na Dell Latitude, zimejaa kwenye maduka ya mtumba kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Tangu mwanzo zilitengenezwa kwa kutarajia kwamba kuna siku mtu atazifungua.

Diski iliyomo ndani ya X230 ni mjukuu wa mashine ambayo IBM iliitoa mwaka 1956, ikiitwa RAMAC. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, ikazidi tani moja kwa uzito, ikakodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi, na kwa ukubwa huo wote ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya GB 500 inayoenea kiganjani inabeba zaidi ya mara 100,000 ya hapo. Mtu akiangalia hesabu hiyo peke yake anaweza kudhani diski imekwenda sambamba na kompyuta nyingine yote.

Sasa tazama upande wa pili. RAMAC ilihitaji takriban milisekunde 600 kukifikisha kichwa chake mahali palipotakiwa. Diski ya laptopu inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa kinahitaji kama milisekunde 12 kusogea hadi kwenye njia sahihi, kisha kwa wastani kinangoja nusu ya mzunguko mpaka data ipite chini yake. Jumla ni kama 17. Katika zaidi ya nusu karne, uwezo wa kubeba umekua mara laki na zaidi, ilhali muda wa kufika umepungua mara 35 hivi. Hakuna uzembe wa mhandisi hapo. Kichwa ni kitu chenye uzito, kinaelea nanomita chache juu ya sahani, na kitu chenye uzito lazima kianze mwendo, kisogee, kisimame. Ungeweza kuizungusha sahani haraka zaidi, lakini joto na kelele hupanda nayo, na betri hulipa gharama.

Milisekunde 17 kwa binadamu si kitu. Kwa prosesa ya gigahezi 2.6 ni mapigo milioni 44. Tujaalie pigo moja la prosesa lingekuwa sekunde moja ya maisha yetu. Kuchukua data kwenye RAM, ambako kunahitaji kama nanosekunde 100, kungekuwa kusubiri dakika nne na ushee. Kuichukua kwenye SSD ya kawaida, hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, kama milisekunde 0.1, kungekuwa siku tatu. Kuichukua kwenye diski ngumu kungekuwa mwaka mmoja na miezi mitano. Na faili zinazohitajika wakati Windows inawaka si moja. Vipande vidogo elfu kumi vilivyotawanyika, kila kimoja kikidai milisekunde 17, vingemaliza karibu dakika tatu. Vipande vilevile kwenye SSD vingemaliza sekunde moja.

Mwaka 1984 Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, aliwasilisha aina ya kumbukumbu inayobaki na data hata umeme ukikatwa, na mwaka 1987 akaja na muundo wake wa NAND, ambao ndio uliomo katika simu, kadi za kamera na SSD za leo. Ndani yake hakuna kinachozunguka wala kinachosogea. Chaji ya umeme inanaswa kwenye seli, kisha inasomwa. Baadaye Masuoka aliishtaki kampuni hiyo akidai fidia ya uvumbuzi wake, na mwaka 2006 wakapatana kwa yeni milioni 87, kiasi ambacho kwangu mimi ni kiduchu ukikiweka kando ya biashara iliyozaliwa pale.

Kwa hiyo agizo la kwanza ni SSD, na mara nyingi ni la kwanza na la mwisho. X230 ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, na njia yake ya SATA ni ya kizazi cha tatu, inayoruhusu karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Laptopu nyingi za 2010 kurudi nyuma zina SATA ya kizazi cha pili, nusu ya kasi hiyo, na wapo wauzaji watakaokuambia basi usijisumbue. Wasikukatishe tamaa. Megabaiti kwa sekunde ni kipimo cha kunakili filamu moja kubwa. Kinachokuchosha kila asubuhi ni vile vipande vidogo maelfu, na kwa vipande hivyo SSD iliyofungwa kwenye SATA ya kizazi cha pili bado inaiacha diski ngumu mbali mno.

Kwa laptopu mpya kidogo kuna mtego wa umbo. Kuanzia katikati ya muongo uliopita nyingi zilianza kutumia SSD nyembamba za M.2, zinazofanana na kipande cha ubani wa kutafuna, na ndani ya umbo hilo moja kuna lugha mbili: SATA na NVMe. Moja inaweza kuingia kwenye sloti ya nyingine na isitambuliwe kabisa. Andika jina kamili la modeli yako, lile lililo kwenye stika ya chini, tafuta mwongozo wa matengenezo wa mtengenezaji, kisha ndipo uende dukani. Lenovo, HP na Dell wote huweka miongozo hiyo wazi kwa laptopu zao za kazi, na ina picha za kila skrubu.

Dukani penyewe pana mtego mkubwa zaidi, nao ni feki. SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chini kuliko ya GB 256 haina muujiza ndani. Chipu yake ya udhibiti imechakachuliwa ili iiambie kompyuta kwamba nafasi ni TB 2, wakati kumbukumbu halisi ni GB 64 au pungufu. Itafanya kazi vizuri wiki za mwanzo. Nafasi halisi ikijaa, faili mpya zitaandikwa juu ya za zamani, na hutajua mpaka siku utakapofungua picha za harusi. Usiipime kwa uzito wa mkononi, maana hata SSD halali za inchi 2.5 ni nyepesi, na boksi lake ndani ni nusu tupu. Ipime kwa programu. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, hujaza kifaa chote kwa data inayojulikana kisha huisoma tena na kulinganisha. Kazi hiyo huchukua muda, na ifanywe kabla hujaweka faili hata moja, risiti ikiwa bado mfukoni.

SSD ya mtumba si haramu, mradi uisome kwanza. CrystalDiskInfo, programu ya bure, itakuonyesha saa ambazo kifaa kimewaka, kiasi cha data kilichoandikwa tangu kizaliwe, na afya yake kwa asilimia. Seli za NAND huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, ndiyo maana watengenezaji hutaja kikomo. Kwa Kingston A400 ya GB 240, mojawapo ya SSD za bei nafuu, kikomo ni terabaiti 80. Mtu anayeandika GB 20 kila siku, na wengi wetu hatufiki hapo, atahitaji siku 4,000 kuimaliza, yaani takriban miaka 11. Hofu ya kwamba SSD inaisha haraka imepitwa na wakati kwa matumizi ya nyumbani. Hofu inayostahili kubaki ni nyingine: diski ngumu mara nyingi huugua kwanza, hugonga, husuasua, hukupa nafasi ya kuokoa vitu. SSD ikifa, mara nyingi hufa ghafla.

Kuhamisha mfumo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima kama ilivyo, kwa kutumia kasha la USB na programu kama Clonezilla. Ya pili ni kupiga Windows upya kwenye SSD tupu na kurudisha faili zako tu. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu miaka ya takataka haina haja ya kuhamia nyumba mpya. Anayetumia programu ya uhasibu ambayo CD yake ilipotea zamani hana budi kunakili. Kwa njia yoyote ile, zima kwanza usimbaji wa BitLocker kama umewashwa, na hakikisha kwenye BIOS kwamba SATA iko katika hali ya AHCI. Leseni ya Windows 10 isikutie wasiwasi. Ikishasajiliwa hufuata bodi mama wala haifuati diski, na laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi zina ufunguo ndani ya bodi yenyewe.

Kazi ya mikono kwenye X230 ni ndogo kuliko maelezo yake. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Diski iko ubavuni nyuma ya kifuniko kinachoshikwa na skrubu moja. Ukishakitoa, unaivuta diski kama droo. Vua zile reli za mpira kwenye diski ya zamani, zivike SSD, isukume mpaka ikae. Umeme tuli ndio adui wa kimya hapa. Kwenye unyevu wa Tanga au Mombasa si tishio kubwa, lakini Dodoma wakati wa kiangazi, juu ya zulia la nailoni, cheche ya kidole inaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Gusa chuma kilichogusana na ardhi kabla ya kushika SSD au kadi za RAM, na uzishike kwa kingo.

Washa, fanya kazi siku chache, kisha rudi kwenye Task Manager. Watu wengi hununua RAM na SSD siku moja, na kwa hiyo hawajui ni ipi iliyowaponya. RAM ina swali moja la kuulizwa: je, imejaa? Ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye faili maalumu ndani ya diski, na kuvirudisha vinapohitajika. Kwenye diski ngumu huo ni msiba. Kwenye SSD hutauona sana, kwa sababu siku tatu si mwaka na nusu, lakini dakika nne zimegeuka siku tatu hata hivyo. SSD huficha njaa ya RAM bila kuishibisha.

Kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na uamuzi wa kukipa kila kichupo mchakato wake, ili kichupo kimoja kikianguka kisiangushe vingine. Uamuzi mzuri, na vivinjari vingine vikaufuata, lakini bei yake ni kumbukumbu. Vichupo 20, WhatsApp ya kompyuta, mkutano wa video na hati ya Word havitoshi kwenye GB 4. Kwa kazi za ofisi GB 8 zinatosha. GB 16 ni za mtu anayehariri picha, anayeandika programu za kompyuta, au asiyefunga kichupo katika maisha yake. Ukiwa na GB 8 na Task Manager inaonyesha nusu tu imetumika, kuongeza nyingine hakutakupa hata sekunde moja.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32. Maduka mengi yalikuwa yakiipiga hiyo kwenye laptopu yoyote iliyopita mezani, na Windows 10 ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiweka 16. Fedha zako zitakaa kwenye sloti bila kazi.

X230 ina sloti mbili chini ya kifuniko cha tumboni, na inakubali hadi GB 16 za DDR3. Task Manager, ukifungua ukurasa wa RAM, hukuonyesha sloti ngapi zimetumika, kwa hiyo hulazimiki kufungua mashine ili ujue cha kununua. Kadi mbili zinazofanana ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu prosesa huzisoma kwa pamoja, na michoro ya ndani ya Intel, ambayo hukopa RAM hiyohiyo, hunufaika waziwazi. Kuhusu volti: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia 1.35. Nunua DDR3L. Inafanya kazi kwa volti zote mbili, wakati ile ya kawaida haitawaka kwenye laptopu za 2013 na kuendelea zinazodai volti ya chini. Kadi huingia kwa kuinamishwa, pengo lake likilingana na jino la sloti, kisha hubonyezwa mpaka klipu mbili zilie. Laptopu ikikataa kuwaka au ikilia milio, mara tisa kati ya kumi kadi haijakaa sawasawa. Ikishawaka, iache Memtest86+ ifanye kazi usiku mzima, hasa kama kadi ni ya mtumba. RAM mbovu haikuui siku ya kwanza. Huharibu faili moja moja.

Mwaka mmoja baada ya X230, Lenovo walitoa X240 yenye sloti moja tu ya RAM. Apple walikuwa wameshaanza kuchomelea RAM kwenye bodi ya MacBook Air, na wengine wakafuata kwa visingizio vya wembamba. Anayenunua laptopu ya aina hiyo ananunua RAM ya maisha yake yote siku ileile. Mbaya zaidi ni zile za bei chee kama HP Stream 11 ya mwaka 2014, yenye RAM ya GB 2 na hifadhi ya eMMC ya GB 32, vyote vimechomelewa. Hizo hazina tiba, na fundi anayekuahidi kinyume mwombe akuonyeshe sloti.

Zipo pia kesi ambazo diski haina hatia. Prosesa ikiwa 100 muda wote, tafuta virusi, au programu mbili za kuua virusi zinazopigana. Laptopu ikianza haraka kisha ikazidi kulemaa kadiri inavyopata moto, feni imejaa vumbi na prosesa inajipunguzia kasi ili isiungue. Brashi na pesti mpya ya joto vitafanya kazi ambayo SSD haiwezi. Na hakuna kadi itakayoigeuza i5 ya 2012 kuwa mashine ya kuhariri video za 4K.

Kikwazo kingine hakimo ndani ya mashine. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. X230 ni ya kizazi cha tatu. Kuna ujanja wa kuilazimisha, lakini mimi singemwekea mtu anayetegemea laptopu kwa benki na kazi. Ningempa Linux Mint, inayopendekeza GB 4 za RAM na kutembea vizuri kwenye SSD, pamoja na Firefox na LibreOffice. Asiyetumia programu maalumu ya Windows hatapoteza mengi. Anayeitumia ajue kwamba SSD hiyohiyo inaweza kuhamia laptopu yake ijayo ikiwa ina nafasi ya inchi 2.5.

Ile diski ya zamani usiitupe wala usiifute wiki ile. Iweke kwenye kasha la USB 3.0 na uiache kama ilivyo mpaka uwe umekumbuka kila kitu ulichokisahau, kwa kawaida ni faili za barua pepe na alamisho za kivinjari. Kisha isome kwa CrystalDiskInfo: namba za 05 na C5, zinazohesabu sehemu zilizoharibika na zinazosuasua, zikiwa sifuri, ifanye diski ya nakala rudufu, kwa maana sasa una SSD isiyotoa onyo. Zikiwa zinapanda, usiiamini na kitu chochote. Na ukiamua kuiuza, kubonyeza Delete au kufomati haraka hakutoshi, kwani faili zinabaki pale zikingoja mtu mwenye programu ya kuzirudisha. Andika sifuri juu ya diski nzima mara moja. Kwa diski ngumu za leo hiyo inatosha. SSD inataka amri yake ya kufuta inayotolewa na mtengenezaji, maana huhamisha data kimyakimya kutoka seli hadi seli, na kuandika juu yake kwa njia ya kawaida huacha mabaki.